Mziki umeandikwa "no kopiraiti" na bado nimepigwa klemu, imekuwaje?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi naediti video hapa Mwanza, mwaka wa tatu huu. Nimefanya dokumentari ya dakika 14 kuhusu wavuvi wa dagaa Ukerewe kwa ajili ya shirika moja. Nimeweka nyimbo tatu nilizotoa YouTube kwenye chaneli inayoandika "no kopiraiti", na moja ya ngoma za Kiafrika nimedaunlodi kwenye saiti ya mziki wa roialti fri. Wameipandisha kwenye chaneli yao, siku ya pili wakapata meseji ya kopiraiti na sasa matangazo ya kubeti yanatokea kwenye video yao. Bosi wao amekasirika, malipo ya pili hajatoa, na walikuwa wanataka kuipeleka tamasha Zanzibar na labda TV. Roialti fri si maana yake bure? Sasa kwanini mziki wa bure unanidai? Nisaidie kabla sijapoteza mteja.

JIBU: Mdogo wangu pole, na hongera kwa kuifuata hiyo kazi mpaka visiwani na kamera begani. Swali lako naulizwa karibu kila mwezi kwa hiyo ntalijibu kwa kirefu, ila tuanze na moto unaowaka, mambo ya maana ya maneno tutayafikia.

Ulichopata ni klemu, sio straiki. Watu wanachanganya hivi vitu viwili mpaka wanafuta video kwa hofu. Klemu maana yake ile mashine ya YouTube inayoitwa Content ID, ambayo ipo tangu 2007, imesikiliza video yenu ikakuta kipande kinachofanana na saundi ambayo mtu kaisajili kwao, na huyo mtu kachagua kwamba popote saundi yake inapoonekana matangazo yawekwe na hela iende kwake. Wengine wanachagua video ifungwe nchi fulani, wengine wanataka takwimu tu. Chaneli yenyewe haipati doa. Straiki ni pale mwenye mali ameandika maombi rasmi kwamba video itolewe, na hiyo ndo mbaya, straiki tatu ndani ya siku 90 chaneli inaondoka na vyote vilivyomo, na kwa shirika lenye video za miaka kibao huo ni msiba. Kwa hiyo mpigie bosi leo hii hii umwambie chaneli yake haijafungiwa wala haipo kwenye foleni ya kufungiwa, atapoa kidogo, afu muombe mtu wao wa mitandao akupe ruhusa ya kuingia kwenye YouTube Studio yao, ule ukurasa wa kusimamia chaneli, maana klemu inashughulikiwa na mwenye chaneli, wewe ukiwa Mwanza na akaunti yako huwezi kugusa chochote.

Ukishaingia usikimbilie kitufe cha kupinga. Soma kwanza: ni wimbo upi kati ya minne, kuanzia dakika ngapi hadi ngapi, nani anadai. Mara nyingi unakuta ni mmoja tu ndo una kesi. Hapo hapo Studio inakupa njia ya kukata kile kipande, au kuzima mziki, au kubadilisha wimbo kwa kuweka mwingine kutoka Audio Library, maktaba ya mziki ya YouTube wenyewe, na uzuri wake video haibadiliki linki, vyuu na komenti vinabaki. Ubaya wake kwenye kubadilisha ni kwamba unaweza kupoteza na sauti ya mtu aliyekuwa anaongea juu ya mziki, kwa hiyo sehemu ya mahojiano usiiguse kwa njia hiyo, bora uediti upya nyumbani.

Kupinga klemu ni haki yako kama una karatasi, yaani leseni inayoonyesha umeruhusiwa kuutumia wimbo. Ukipinga anayedai ana siku 30 za kujibu, akikaa kimya klemu inaanguka yenyewe, akikataa unaweza kukata rufaa na hapo ana siku 7. Sasa sikiliza vizuri: ukipinga bila karatasi, kwa kuandika tu "nimeona imeandikwa no kopiraiti", unamchokoza mtu ambaye hatua yake inayofuata ni kuomba video itolewe, na hapo klemu isiyo na madhara umeigeuza straiki kwa mkono wako mwenyewe, tena kwenye chaneli ya mteja sio yako. Nimeona watu wakifanya hivi kwa hasira. Kwa zile nyimbo tatu za kutoka kwenye chaneli, nakushauri usipinge, toa weka nyingine. Sababu naieleza sasa hivi.

Hayo maneno "no kopiraiti" hayana maana yoyote kisheria. Mziki unapata hakimiliki pale pale unapotungwa na kurekodiwa, hausubiri mtu aende ofisi yoyote, na kwa sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya 1999 haki hiyo inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mtu akiandika "no kopiraiti" anaweza kuwa anamaanisha moja kati ya mambo manne hivi: mtunzi kaachia haki zote kabisa, au kaachia kwa masharti, au haruhusu ila hana mpango wa kumdai mtu leo, au, na hii ndo inayoua watu wengi, aliyepandisha sio mwenye mali kabisa, ni kijana kama wewe kaikuta mahali, kaweka picha ya machweo, anakusanya vyuu. Huyo hawezi kukupa ruhusa ambayo yeye mwenyewe hana. Ni kama mtu anakukodishia nyumba ya jirani yake aliyesafiri.

Sasa roialti fri. Neno la Kiswahili tunalo, mirabaha, ile hela ambayo wasanii wetu wanaipigia kelele kila mwaka, kwamba wimbo ukipigwa redioni mtunzi apate chake. Mziki usio na mrabaha maana yake unalipa mara moja, au unapewa mara moja, baada ya hapo huhesabiwi kila video inapoangaliwa wala kila nakala inapotoka. Basi. Haisemi bei ni sifuri, na haisemi mziki hauna mwenyewe. Mimi huwa naelezea kwa viti vya shughuli. Ukiwa na harusi unaenda kukodi viti na turubai, unalipa siku ile, hakuna anayekuja kuhesabu wageni wangapi wamekalia kiti kipi. Lakini viti sio vyako, huwezi kuviuza, huwezi kumkodishia jirani, na Jumamosi ijayo viti vile vile vyekundu vitaonekana kwenye msiba wa mtaa wa pili, wala huna la kusema. Mziki wa maktaba, yaani huu uliorekodiwa tayari unasubiri mtu wa kuutumia, ndo hivyo hivyo. Wewe hukununua wimbo, umenunua ruhusa, na ruhusa ina maneno yake.

Biashara yenyewe sio ya juzi. De Wolfe ya London ilianza 1909 ikihudumia sinema za kimya kwa noti za mziki wa kupigwa ukumbini, na filamu zilipoanza kutoa sauti ikahamia kwenye kurekodi maktaba ya mziki ambao mtengeneza filamu anachukua bila kumtafuta mtunzi. Kilichobadilika ni kwamba zamani walikuwa wanauziana watu wa studio wanaojua mikataba, leo ananunua mtu yeyote mwenye simu na bando, na mkataba anaupita kwa kubofya "nakubali". Mimi nimo kwenye hao. Miaka yangu ya mwanzo nilifanya tangazo la kampuni moja nikatumia wimbo mtamu kweli wa piano, leseni yake ilisema matumizi binafsi tu, mimi niliona neno "bure" macho yakaishia hapo. Tangazo lilitoka wiki mbili, barua pepe ya mtunzi ikaja, tangazo likashushwa, nikaediti upya bila malipo na mafuta ya gari juu yangu. Kosa lilikuwa langu mia kwa mia na sikuwa na pa kujifichia.

Turudi kwa ule wimbo wako wa nne, wa kwenye saiti ya roialti fri. Huu inawezekana kabisa una leseni halali na bado umepigwa klemu, na hapa ndo wengi wanaona wametapeliwa. Content ID haisomi mikataba, inalinganisha saundi tu. Kuna watunzi wanaweka nyimbo zao kwenye saiti za bure na wakati huo huo wamezisajili Content ID ili wawanase waliochukua bila leseni, ukiwa nayo unaonyesha wanakuachia. Pixabay kwa mfano ina nyimbo za hivyo, ndo maana ukidaunlodi pale wanakupa na cheti cha leseni, kichukue, watu wanakiruka. Sababu nyingine ni kwamba kuna msanii mahali fulani kachukua huo huo wimbo wa maktaba, kaimba juu yake, kapeleka kwa wasambazaji, na wakati wa kujaza fomu kakubali wimbo wake usajiliwe Content ID. Kuanzia hapo mashine inaamini saundi ile ni yake, na kila aliyetumia biti ile ile kihalali anapigwa. Ndo maana leseni nyingi za maktaba zinakataza kabisa kusajili wimbo uliojengwa juu ya mziki wao, na wewe ukiwa na rafiki anayerap kwa biti za kukodi mwambie na yeye.

Na mashine yenyewe ina vituko. Mwanzoni mwa 2018 mwanamuziki mmoja wa Australia alitangaza kwamba video yake ya masaa kumi ya shhhhh, yaani ile kelele ya TV isiyoshika stesheni, aliyoitengeneza mwenyewe, imepata klemu tano za watu tofauti. Kelele tupu ina wenyewe watano. Kwa hiyo kupata klemu peke yake sio ushahidi kwamba umeiba, na kutopata klemu sio ushahidi kwamba uko halali, nyimbo nyingi za wazee wetu hazijasajiliwa huko na bado zina wenyewe na warithi wao.

Kwa huo wimbo wa nne basi, rudi kwenye saiti, tafuta risiti au cheti, soma, na kama kinaruhusu, pinga klemu kwa kubandika namba ya leseni na linki. Maneno machache, bila hasira.

Ila kabla hujapinga angalia leseni imeandikwa kwa jina la nani, maana kuna tatizo ambalo hukuliuliza na ndo kubwa kuliko yote. Video haiko kwenye chaneli yako, iko kwa mteja. Leseni nyingi za bei ya chini zinamruhusu aliyesajili atumie kwenye chaneli zake yeye. Kampuni za kulipia kwa mwezi kama Epidemic Sound ya Sweden wanakwambia uunganishe chaneli yako na akaunti ili mashine ijue isikuguse, sasa ukimpa mteja video akaipandisha kwake, chaneli yake haijaunganishwa, inapigwa. Wana mpango wa kazi za wateja, bei iko juu zaidi, na gharama hiyo inatakiwa iwe kwenye bei unayompa mteja tangu mwanzo sio uitoe kwenye faida yako. Jambo jingine la hizi za mwezi mwezi: kwa kawaida video uliyoipandisha ukiwa unalipa inabaki salama hata ukiacha, lakini kazi mpya baada ya kuacha hairuhusiwi hata kama faili la wimbo bado lipo kwenye hadi diski. Usiniambie "nilikuwa nimeshaidaunlodi". Viti vilibaki uani kwako baada ya harusi, haina maana ni vyako.

Wewe mteja wako anataka vitu vinne, YouTube, tamasha, TV, na najua bila hata kuniambia kwamba watakata vipande vya sekunde 30 waweke Instagram na TikTok. Kila kimoja ni mlango wake. Leseni ya "mitandao tu" haikupeleki TV. Tamasha wanakupa fomu ya kusaini kwamba mziki wote umeruhusiwa, na ukisaini uongo wewe ndo wa kwanza kutafutwa, sio tamasha. TV watataka orodha ya nyimbo, jina la wimbo, mtunzi, sekunde ngapi umetumika, kwa sababu hata mziki wa roialti fri mtunzi wake anaweza kuwa mwanachama wa chama cha mirabaha kwao, na malipo ya kurusha hewani ni kati ya kituo na vyama hivyo, wewe haikuhusu kulipa ila orodha ni kazi yako. Na TikTok akaunti ya biashara haipewi zile nyimbo za mastaa unazoziona kwenye akaunti za kawaida, inapewa maktaba yao ya kibiashara tu, kwa hiyo mtu wa mitandao wa shirika asije akaongezea wimbo wa Bongo Fleva unaotrendi juu ya kazi yako afu lawama zikurudie.

Sasa leseni za Creative Commons, zile ambazo mtunzi anatangaza mwenyewe watu watumie kazi yake kwa masharti gani, maana mziki mwingi wa bure kweli kweli uko huko. Zilianza kutolewa Desemba 2002 na zinasomwa kwa herufi, ukizijua herufi nne hutapotea tena. BY maana yake mtaje mtunzi. NC maana yake hakuna biashara. SA maana yake ukitengeneza kitu juu ya changu, na wewe kiachie kwa leseni ile ile. ND maana yake usibadilishe. Nyingine ni CC0, hiyo mtunzi kaachia yote.

Watu wa video wanafeli kwenye ND. Wanasema mimi sijabadilisha wimbo, nimeuweka kama ulivyo. Ila leseni ya toleo la 4.0 imeandika wazi kwamba mziki ukiunganishwa na picha zinazotembea, hiyo tayari ni kazi mpya iliyobadilishwa. Kwa hiyo wimbo wenye ND hauingii kwenye video hata ukiuacha kuanzia sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho. SA nayo maana yake dokumentari yako yote inabidi iachiwe kwa wengine watumie, nenda kamuulize bosi wao kama yuko tayari wavuvi wake wakatwe vipande na watu asiowajua, atakataa na ana haki. NC kwa shirika lisilo la faida watu wanabishana, mimi sibishani, wewe umelipwa kuifanya, YouTube ina matangazo, TV inauza matangazo, wimbo wa NC nauacha kwa kazi ya mteja yoyote. Kinachobaki salama ni BY na CC0.

BY nayo ina adabu yake. Kuandika "mziki: intaneti" au "shukrani kwa YouTube" sio kumtaja mtu. Andika jina la wimbo, jina la mtunzi, leseni gani na toleo lake, na linki ya ulikotoa, kwenye maelezo ya video na kwenye majina ya mwisho pia kama inaenda tamasha au TV, maana ukumbini hakuna maelezo ya YouTube. Kevin MacLeod wa saiti ya incompetech ndo mfano rahisi, Mmarekani ametunga maelfu ya vipande na anaviachia kwa BY, na kama mteja hataki jina litokee unamlipa unapata leseni isiyohitaji kutajwa. Shida yake moja tu: nyimbo zake ndo viti vyekundu vya dunia nzima, kuna kipande chake kikianza tu mtu anajua sasa paka ataanguka.

Kwa kuanzia basi: Audio Library ya YouTube ina kichujio cha nyimbo zisizohitaji kumtaja mtu, kitumie. Pixabay ukichukua na cheti. Free Music Archive ipo tangu 2009, ni nzuri sana ila pale kila wimbo una herufi zake, angalia mmoja mmoja. Ukiwa na bajeti nunua wimbo mmoja mmoja kwa kazi husika kuliko kujifunga kila mwezi, labda kama unatoa video kila wiki.

Na usiniambie utatumia mziki wa zamani kwa sababu "ni wa zamani". Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya ile rekodi yenyewe. Bach amekufa 1750, utunzi wake ni wa wote, lakini okestra iliyorekodi miaka ya juzi ina haki kwenye rekodi yake. Taarabu na dansi la miaka ya sitini na sabini ndo usiguse kabisa bila kuongea na watu, watunzi wengine wapo hai na wengine wameacha familia, na ngoma za jadi pia ile sheria ya 1999 imeziwekea sehemu yake. Taasisi za hakimiliki, COSOTA kwa bara na COSOZA kwa Zanzibar, wanaweza kukusaidia kumpata mwenye wimbo, nenda na jina la wimbo na la bendi mkononi.

Sasa niseme la moyoni kuhusu wimbo wako wa "ngoma za Kiafrika". Najua umetafuta neno "African" kwenye ile saiti. Wote tumefanya. Unacholetewa ni djembe na kora, vitu vya Mali na Guinea huko, vimechanganywa na kwaya ya kuhema hema, na ukiviweka juu ya mtumbwi wa Ukerewe mzungu wa shirika atafurahi lakini mvuvi mwenyewe akiangalia atajiuliza hao wanaopiga ni kina nani. Kanda ya ziwa mna ngoma zenu zinazopigwa mpaka watu wanacheza na majembe, mna waimbaji, halafu tunaagiza Afrika kutoka nje kwa dola. Kwa dakika 14 unahitaji labda dakika tano za mziki. Tafuta prodyuza pale pale Mwanza na mpigaji mmoja, rekodini nusu siku, mlipeni, na muandikiane karatasi moja inayosema nani katunga, nani kapiga, unaruhusiwa kutumia kwenye filamu gani, mitandao na TV na matamasha, nchi zote, muda wote, bei kiasi gani, na kwamba hakuna kati yenu atakayeusajili Content ID bila mwenzake kujua. Wote wasaini pamoja na mpigaji, sio prodyuza peke yake, mpigaji ndo anasahaulika na ndo anakuja kulalamika baadaye kwa haki. Haina uhakika kwamba itakuwa ghali kuliko leseni ya TV ya saiti za nje, piga hesabu uone.

Ukiamua kubaki na maktaba, basi itumie vizuri. Kosa ninaloliona kwenye kazi nyingi za vijana ni mziki kuanza sekunde ya kwanza na kuisha ya mwisho kama maji ya bomba lililopasuka. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, una mlio wa karabai kama bado wanazitumia, una injini ya mtumbwi, una maji yanapiga ubao, una wanaume wanaitana gizani. Acha hizo dakika mbili bila mziki kabisa. Halafu mziki ukiingia asubuhi dagaa wakianikwa, mtu atausikia.

Nyimbo za maktaba zimejengwa kwa mtindo mmoja, zinaanza polepole, zinapanda, zinalipuka kwenye dakika ya pili hivi, zinaisha. Ukiziweka kuanzia mwanzo mlipuko unaangukia popote, unakuta mama anapima dagaa kwenye kopo na violini vinalia kama amekufa mtu. Fanya kinyume, chukua mwisho wa wimbo uupange na mwisho wa sini yako kwanza, rudi nyuma, afu katikati ndo ukate uunganishe na mwanzo, na mkato uufiche kwenye pigo la ngoma, sikio halitagundua. Sehemu ya mahojiano chagua kipande kisicho na filimbi wala gitaa la kuongoza, hivyo vinagombania nafasi moja na sauti ya binadamu, na uushushe mziki desibeli kama 18 au 20 chini ya sauti ya anayeongea, halafu sikiliza kwa spika ya simu ya kawaida huku feni imewashwa, maana hivyo ndo itasikilizwa, sio kwa hedfoni zako. Saiti nyingine zinatoa wimbo ukiwa umetenganishwa, besi peke yake, ngoma peke yake, ukipata hivyo chukua hata kama ni hela zaidi kidogo, unaweza kubaki na besi tu chini ya maneno.

Mambo ya kutunza: kila wimbo unaoutumia fungua folda ndani ya folda ya kazi, weka wimbo wenyewe, leseni, risiti, na picha ya skrini ya ule ukurasa ikionyesha masharti na tarehe, kwa sababu saiti zinabadilisha masharti na nyingine zinakufa. Nakala ya hiyo folda mkabidhi mteja pamoja na video ya mwisho. Siku klemu ikija mwaka 2029 na wewe umebadilisha namba, wana jibu lao.

Kwa leo andikia bosi hivi, ubadilishe unavyotaka: "Shikamoo. Klemu iliyotokea ni ya wimbo na sio adhabu kwa chaneli. Nabadilisha nyimbo zote nne kwa gharama yangu ndani ya siku kumi, na nitakukabidhi leseni zinazoruhusu YouTube, mitandao mingine, tamasha na TV. Naomba ruhusa ya kuingia YouTube Studio ili nizime mziki kwenye sehemu zenye klemu kwa sasa, zile ambazo mtu haongei." Usimwombe malipo kwenye meseji hiyo hiyo, subiri umkabidhi.

Na ile djembe itoe hata kama klemu yake ikiondoka.